Hodi! Nani? Mimi: Kuisoma Fomu ya Kurejesha Akaunti

Nianze kwa kukiri jambo, ndugu msomaji. Maandishi niliyoyasoma mara nyingi zaidi mwaka huu si riwaya wala diwani. Ni fomu. Ile fomu inayojitokeza ukibofya palipoandikwa "Umesahau neno la siri?" Nimeisoma asubuhi kabla ya chai. Nimeisoma usiku umeme umekatika na simu imebakiza chaji ya kubahatisha. Sasa naijua kwa ghibu, na kwa kuwa kazi tunayoifanya hapa ni kuhakiki maandishi, nimeona niihakiki. Usicheke. Mwishoni utaona kwamba hii fomu na fasihi ni jamaa wa karibu, ila mmoja kawasahau ndugu zake.

Kwanza kisa chenyewe, ili ujue nasoma nikiwa nimekaa wapi.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mtunzi wa mashairi ya kimapokeo, wa wale wasiochapishwa kitabu hata kimoja. Aliandika kwenye kaunta buku, kwa kalamu ya bluu, vina vyote vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu kama vile anajisahihisha mwenyewe. Alipofariki mwaka 2006 aliacha mashairi 31. Kaka yangu mkubwa akaogopa mchwa. Mwaka 2008 akawa kila Jumamosi anakwenda intaneti kafe pale Tanga mjini, analipia saa moja, anaandika shairi moja au mawili kwa vidole viwili, ananitumia kwa barua pepe. Mimi nilikuwa chuoni Dar es Salaam. Nilikuwa nafungua, nasoma juujuu, namjibu "Safi sana kaka," kisha naendelea na mambo yangu.

Kaunta buku ziliharibika mvua ilipoingiza maji ndani. Kaka akafariki mwaka 2014, na neno la siri la akaunti yake akaondoka nalo. Mimi nilipopata kazi nikafungua anwani nyingine, ile ya chuoni nikaisahau kama mtu anavyoisahau nyumba aliyopanga zamani. Laini ya simu niliyoiandikisha humo ilipotea, sikuihuisha. Mwaka huu shangazi yangu akaniuliza, "Yale mashairi ya baba yako unayo?" Nikajibu haraka, "Ninayo, shangazi, yako kwenye imeili." Nikaenda kuyafungua. Mlango ukakataa.

Basi tuisome fomu.

Kwetu mlango una fasihi yake. Mgeni anasema "Hodi!" Aliye ndani anauliza "Nani?" Mgeni anajibu "Mimi." Ukilitazama hili jibu kwa macho ya mwanamantiki, halina maana yoyote: kila mtu ni mimi. Lakini milango mingi imefunguliwa kwa neno hilo tangu enzi na enzi, kwa sababu aliye ndani hasikilizi neno, anasikiliza sauti. Anajua ni mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi, au ni mume aliyechelewa. Kitambulisho hakimo katika neno, kimo katika sikio la msikilizaji. Fomu ya kurejesha akaunti inabisha hodi upande wa pili. Inauliza "Nani?" vizuri tu, kwa Kiswahili fasaha kabisa siku hizi. Lakini haina sikio. "Mimi" ndilo jibu pekee ambalo haiwezi kulipokea, na ndilo jibu pekee nililokuwa nalo.

Kwa kuwa haina sikio, inauliza maswali. Na hapa ndipo mhakiki anapopata kazi. Tunasema kila matini ina msomaji aliyekusudiwa, yule ambaye mwandishi alimwona kichwani alipokuwa akiandika. Hebu tumtafute msomaji wa haya maswali.

"Jina la mama yako kabla ya kuolewa." Yaani mwandishi anaamini kwamba mwanamke akiolewa hubadili jina. Mama yangu ni mwanamke wa pwani, Mwislamu. Alizaliwa binti wa baba yake, akaolewa akiwa binti wa baba yake, na siku akiitwa na Mola wake ataitwa hivyohivyo. Swali halina jibu la siri. Jibu lake ni jina ambalo mtaa mzima unalijua, lipo mpaka kwenye kadi ya kliniki.

"Jina la mnyama wako wa kwanza." Nyumbani kulikuwa na paka. Aliitwa paka. Siku akiiba samaki aliitwa majina mengine ambayo fomu hii haikubali.

"Mtaa uliokulia." Una majina matatu: la kwenye ramani, la wazee, na la makondakta wa daladala. Niliandika lipi mwaka 2006?

"Chakula ukipendacho." Wali na samaki wa nazi. Sasa taja nani pale Tanga asiyejua jibu hili.

Sikusemei kwamba mwandishi wa maswali alikuwa na nia mbaya. Alimwona kichwani mtu anayemfahamu: ana jina la ukoo linalorithiwa, mama aliyeliacha jina lake mlangoni kwa mume, mbwa mwenye jina kama la mtu, na nyumba yenye namba mtaani. Mtu huyo yupo, ana haki zake. Sisi wengine tulijibu maswali yake kwa kubahatisha, kama mwanafunzi aliyepewa insha ya "Siku ya Kwanza Kuona Theluji." Na mtu aliyejibu kwa kubahatisha hawezi kukumbuka alibahatisha nini. Nakumbuka kwamba kwenye lile la mnyama niliandika mzaha fulani. Mzaha gani, sijui. Nilikuwa na miaka ishirini, nilijiona mjanja.

Halafu kuna jambo la herufi. Tuseme jibu ni jina la bibi yangu. Je, niliandika Fatma, Fatuma au Fatima? Yeye mwenyewe hakulijali hilo, aliitikia yote. Mashine hazijali kwamba ni mtu mmoja. Nyingi hulinganisha herufi kwa herufi. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kisa cha Waamuzi sura ya 12. Watu wa Gileadi wamekamata vivuko vya Yordani, na kila anayetaka kuvuka anaambiwa atamke "Shibolethi". Mwefraimu hawezi kuitamka ile "sh", anasema "Sibolethi", anauawa palepale. Kitabu kinahesabu waliokufa kuwa 42,000. Kisa hiki kinasomwa siku zote kama kisa cha lugha na kabila, na ni kweli. Lakini tazama pia jinsi kinavyohusu mtihani wenyewe: lile neno halikuulizwa ili kujua mtu ni nani, liliulizwa ili kujua si nani. Ndiyo maana herufi moja ilitosha. Fomu yangu ni ya ukoo huo. Haijaundwa kunitambua mimi, imeundwa kumkataa mwizi, na katika mizani yake mimi niliyesahau na mwizi asiyejua tunalingana uzito.

Ndugu wa pili wa fomu hii ni maarufu zaidi: pango la Alibaba na wezi arobaini. Sote tunakumbuka neno linalofungua mwamba, neno la ufuta. Wengi wetu tunamkumbuka Alibaba aliyelisikia akiwa juu ya mti. Mimi siku hizi namfikiria zaidi kaka yake, Kasim. Kasim aliingia vizuri, neno alikuwa nalo. Akazungukwa na mali mpaka neno likamtoka. Alipotaka kutoka akaanza kutaja nafaka nyingine, shayiri na wenzake, moja baada ya nyingine, na mwamba ukanyamaza. Wezi waliporudi wakamkuta humo humo. Tangu utotoni nilifundishwa kwamba Kasim aliponzwa na tamaa. Leo nikiisoma tena naona mwandishi alikuwa mjuzi wa kusahau: Kasim hakusahau kabisa. Alikumbuka kwamba ni nafaka. Alikumbuka jirani wa neno, neno lenyewe likamponyoka. Kila aliyewahi kukaa mbele ya kisanduku cha nywila anaijua hali hiyo. Ulikuwa mwaka wa kuzaliwa ukianza na herufi kubwa? Au jina la timu na alama ya mshangao? Unataja mtama, unataja ulezi, na kisanduku kinakuambia umebakiza majaribio mawili.

Kisa hiki kina kejeli nyingine isiyojulikana sana. Hadithi ya Alibaba haimo katika miswada ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela Ulela. Mfaransa Antoine Galland aliisikia Paris mwaka 1709 kutoka kwa kijana Msiria wa Aleppo, Hanna Diyab. Galland akaiandika, ikaenea dunia nzima, na katika vitabu vile jina la Diyab halikuwekwa. Kumbukumbu zake mwenyewe zilikaa katika maktaba ya Vatican, na wasomi wakaja kuzitambua karne mbili na zaidi baadaye. Yaani aliyetupa hadithi kuu ya neno la siri alifungiwa nje ya hadithi yake mwenyewe.

Nafaka inanirudisha kwenye ufundi kidogo. Neno la siri la kompyuta linahusishwa na mradi wa chuo cha MIT mwanzoni mwa miaka ya 1960, chini ya Fernando Corbató, pale watu wengi walipoanza kutumia mashine moja na kila mmoja akahitaji mafaili yake yasichanganyike na ya mwenzake. Hapo mwanzo maneno yalikaa ndani ya faili, yakisomeka. Siku hizi huduma iliyotengenezwa vizuri hailihifadhi neno lako. Inalisaga kwa hesabu, inabaki na unga tu. Ukirudi na neno, inalisaga tena na kulinganisha unga na unga. Kutoka kwenye unga kurudi kwenye punje, hakuna njia. Ndiyo maana hakuna anayeweza kukukumbusha neno lako. Hata kampuni yenyewe hailijui. Na ndiyo maana maneno "rejesha neno la siri" yanatupotosha. Harejeshewi mtu kitu. Unapewa kufuli jipya, ukithibitisha kwanza kwamba nyumba ni yako.

Sasa, kama kuna kazi moja ya fasihi iliyolitazama swali hilo la kuthibitisha kwa undani, ni Odisei ya Homer. Nusu ya pili ya utenzi huo ni mtu anayejaribu kuingia kwenye akaunti yake. Odysseus amerudi nyumbani baada ya miaka ishirini, amevaa matambara, na hakuna anayemjua isipokuwa mbwa. Katika kitabu cha 19, yaya mzee Eurykleia anamwosha miguu na mkono wake unagusa kovu la zamani juu ya goti. Anajua papo hapo. Waswahili tunasema mwenye kovu usidhani kapoa. Hapa kovu ni alama ya kidole kabla ya mashine za vidole. Aristotle, katika Poetics sura ya 16, anazipanga njia za kutambuana kwa daraja, na alama za mwilini kama makovu anaziweka karibu na mkia. Ila anakiri kwamba lile tukio la kuosha miguu ni bora kuliko pale Odysseus anapolionyesha kovu kwa makusudi kama kitambulisho, kwa sababu lilitokea lenyewe katika mwendo wa mambo.

Mtihani mkubwa uko katika kitabu cha 23. Penelope hataki kovu. Anamwamuru yaya, mbele ya mgeni, akitoe nje kitanda cha ndoa na kumtandikia. Odysseus anapandwa na hasira. Nani amekisogeza kitanda changu? Alikijenga yeye mwenyewe, mguu wake mmoja ni shina la mzeituni ulio hai, na chumba kikajengwa kuuzunguka mti. Hakisogezeki. Hapo Penelope anajua.

Angalia alichofanya huyu mwanamke. Hakuuliza swali. Angeuliza, "Kitanda chetu kimetengenezwa na nini?" hilo lingekuwa swali la usalama, na mjakazi aliyewahi kufagia chumba kile angeweza kumwuzia mwizi jibu. Alisema uongo mdogo ambao ni mwenye nyumba tu angeumia kuusikia. Alichokipima si jibu. Alipima uchungu. Na alikuwa na kitu kimoja ambacho fomu haina: kumbukumbu yake mwenyewe ya kitanda kilekile. Kutambuana, katika kazi zote nzuri ninazozijua, kunataka kumbukumbu mbili zinazokutana. Mbele ya fomu, anayekumbuka ni mmoja. Upande wa pili kuna rekodi, na rekodi haikumbuki, inalinganisha.

Nilipofika hapa nilijiona nimeshinda hoja. Kisha nikakumbuka yule mama.

Sijakusimulia. Ile namba yangu ya zamani kampuni ya simu ilishampa mtu mwingine. Fomu ikanipa matumaini: tutatuma namba za uthibitisho kwenye simu inayoishia na tarakimu kadhaa. Nikaipiga. Akapokea mama mmoja, sauti ya mtu mzima. Nikamwamkia, nikamweleza habari yote, baba, kaka, mashairi, kwamba atapokea ujumbe wenye tarakimu sita na mimi namwomba anisomee tu. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, siku hizi wote mnakuja na marehemu." Akakata.

Nilikasirika siku nzima. Jioni nikakubali kwamba yule mama ndiye mlinzi bora niliyekutana naye katika safari yote. Alikuwa sahihi kabisa. Hadithi yangu ilikuwa na kila kiungo cha hadithi ya tapeli: msiba, haraka, tarakimu sita. Ningekuwa mimi ningekata mapema zaidi.

Kwa hiyo haki itendeke kwa fomu. Kumbukumbu zinazokutana zina hatari zake. Mwezi Septemba 2008, miezi ileile ambayo kaka alikuwa akinitumia mashairi, kijana mmoja mwanafunzi alifungua barua pepe ya Sarah Palin, mgombea umakamu wa rais Marekani, bila ujuzi wowote wa ajabu. Alijibu maswali: tarehe ya kuzaliwa, namba ya posta, mahali alipokutana na mumewe. Vyote vilikuwa mtandaoni kwa yeyote mwenye dakika chache za kutafuta. Mwaka 2015 watafiti wa Google walichapisha kwamba kwa watumiaji wa Kiingereza, mtu akibahatisha mara moja tu swali la chakula ukipendacho alikuwa na nafasi ya asilimia 19.7 ya kupatia. Na wenye akaunti wenyewe? Kwa wale wa Marekani, asilimia 40 hawakukumbuka majibu yao walipoyahitaji. Swali ambalo mgeni anapatia na mwenyeji anafeli! Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikaelekeza kwamba mtindo wa kumtaka mtu ataje jina la mnyama wake wa kwanza na mfano wa hayo usitumike katika neno la siri. Aina hii ya fasihi, kama tunaweza kuiita hivyo, imekufa ikiwa changa. Huenda ni haki yake.

Lakini kilichochukua nafasi yake, simu iliyo mfukoni na alama ya kidole, ni kurudi kwenye kovu: daraja la chini la Aristotle. Ni salama zaidi, sibishi. Ila inamtambua mwenye kitu, na anayepoteza kitu anapotea nacho. Wengi wa jamaa zangu hubadili laini mara kwa mara, huazimana simu, hufungua akaunti kwenye simu ya mpwa. Kwao "mimi" si kifaa kimoja cha mtu mmoja.

Je, kuna njia ya tatu? Serikali ya mtaa wanaijua. Ukienda mahali usikojulikana unaulizwa barua ya utambulisho. Unakwenda kwa mjumbe, anakutazama, anasema huyu namjua, nilimjua na baba yake, mwenyekiti anagonga muhuri juu ya picha. Hapo hakuna swali hata moja la siri. Kuna mtu anayeweka jina lake rehani kwa ajili yako. Mwaka 2021 Apple waliweka kitu cha namna hii kwenye simu zao, kwamba unateua mtu unayemwamini aje akusaidie kurudi ndani ukifungiwa. Mjumbe wa nyumba kumi ameingia kwenye simu janja, na hakuna aliyempa sifa yake. Anaweza kudanganywa, ndiyo, na wajumbe wetu nao tunawajua. Lakini katika fomu zote, ni hapa tu ninapomwona tena Penelope: mtu wa pili, mwenye kumbukumbu yake.

Mimi sikuwa nimeteua mtu. Nilijaza fomu mara kumi na moja. Nikaulizwa mwezi na mwaka niliofungua akaunti, nikakadiria. Nikaulizwa neno la siri la mwisho ninalokumbuka, nikataja mtama, nikataja ulezi. Jibu lilikuwa lilelile: hatukuweza kuthibitisha kwamba akaunti hii ni yako. Kama mhakiki nitasema hii ni sentensi nzuri kuliko inavyoonekana. Haikusema si yako. Ilisema sisi tumeshindwa. Ila huyo "sisi" ni nani, sikumpata. Watu huwa wanakimbilia mfano wa Kafka hapa, yule mtu wa shamba anayezeeka mbele ya mlango wa sheria. Naona haufai sana. Bawabu wa Kafka alikuwa na kanzu ya manyoya na ndevu. Mtu yule alimtazama miaka yote mpaka akawajua viroboto wa kwenye ukosi wake. Alikuwa na wa kumtazama.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa shangazi kumwambia ukweli. Nilijua atanisema. Hakunisema. Alinyamaza, kisha akaanza kughani. Beti nne, bila kukwama, za shairi ambalo baba alilitoa harusini kwake. Nilitoa simu nikarekodi. Akaniambia yuko mzee mmoja aliyefundisha na baba, naye ana yake mawili matatu kichwani, niende kabla hajachoka zaidi.

Nikakumbuka habari za Muyaka bin Haji wa Mombasa. Alifariki karibu na mwaka 1840, na mashairi yake mengi yangekwenda naye lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya miongo kadhaa baadaye kutoka vinywani mwa watu waliokuwa bado wameyashika, akishirikiana na mmisionari William Taylor. Diwani ilichapwa mwaka 1940. Kila anayemsoma Muyaka leo anasoma akaunti iliyorejeshwa, na iliyorejeshwa bila neno la siri hata moja, kwa kubisha hodi mlango kwa mlango. Kazi ya Sikujua tunaiita ukusanyaji. Mimi sasa naiita kwa jina la kwenye fomu.

Nisiipambe lakini. Mpaka leo nina mashairi 7 kati ya 31, na mawili hayajakamilika. Mengine 24 huenda yapo kwenye mashine fulani nchi fulani, yakiwa kamili mpaka nukta, kwa mpangilio wa vidole viwili vya kaka yangu, pamoja na makosa yake ya chapa ambayo leo ningelipia kuyaona. Au huenda yalishafutwa. Huduma nyingi hufuta akaunti zilizolala muda mrefu. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na mimi daftari nilikuwa nalo, nikalikabidhi kwa asiyenijua. Kama nawe una maandishi ya mtu wako kwenye imeili, leo hii yachape kwenye karatasi, wape watu wawili.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo linaloniweka macho. Katika ubeti wa tatu shangazi anaghani "bandari". Mimi nilisoma shairi lile mwaka 2008, juujuu kama nilivyosema, na kichwani mwangu neno ni "bahari". Mizani ni zilezile, kina ni kilekile, maana inabadilika kabisa: mmoja anangoja meli ifike, mwingine anaitazama ikiondoka. Nilimwambia shangazi. Akatikisa kichwa. "Bandari," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Nimeandika bandari.